Tovuti ya matokeo iliyotumalizia bando

SWALI: Shikamoo Shangazi. Siku matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, binti yangu alichukua simu yangu akafungua tovuti ya kwanza aliyoiona, imeandikwa "Matokeo yote hapa". Tulibofya weee hadi bando likakata, na hata namba moja ya mtahiniwa hatukuiona. Tangu siku hiyo simu inalia usiku kwa matangazo. Hao ni matapeli? Nitawajuaje?
Mama wa Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Kwa unavyoeleza, hawakuwaomba hela wala namba ya siri. Walichotaka ni mkae pale. Tangazo likipita mbele ya macho yako, mwenye tovuti anapata visenti. Ukilibofya, anapata zaidi. Nafasi zile huuzwa kwa mnada wa kompyuta, kufumba na kufumbua, na kampuni inayolipa mara nyingi haijui tangazo lake limeangukia wapi. Mwaka 2023 chama cha watangazaji cha Marekani, ANA, kilifuatilia fedha hizo kikakuta dola 15 katika kila 100 zinaishia kwenye tovuti zilizotengenezwa kwa ajili ya matangazo tu.

Ndiyo maana jibu hawaliweki juu. Ukilipata, utaondoka.

Nilikuwa na steshenari karibu na stendi, Morogoro, na msimu wa matokeo vijana walikuwa wanajaa hadi barazani. Siku moja nilikaa na mmoja wao tukaupitia ukurasa wa aina hiyo taratibu. Aya ya kwanza: NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ni nini. Ya pili: ilianzishwa lini. Ya tatu: umuhimu wa elimu! Kila baada ya aya, tangazo: dawa ya kupunguza tumbo, mkopo wa dakika tano, kubeti. Nilihesabu 11 kabla hatujafika kwenye kitufe cha kijani, ANGALIA MATOKEO, na pembeni yake, kwa herufi ndogo kama punje ya mtama, neno "Tangazo". Kitufe chenyewe kilikuwa tangazo. Kijana alikuwa ameshakibofya mara nne, vidole vinamtetemeka. Hapo ndipo ninapoumia mpaka leo: mtoto anangoja kujua miaka yake minne imezaa nini, na mtu anaiuza hofu yake.

Kwa hiyo, kabla ya kushuka chini ya ukurasa, soma sentensi tano za mwanzo. Kama hazijakwambia jambo ambalo hukulijua, toka. Tazama pia tovuti hiyo hiyo inaandika nini kingine. Ukikuta matokeo, mishahara ya wachezaji, tafsiri za ndoto na nafasi za kazi za jeshi, vyote vya mwandishi anayeitwa "Admin", huyo hana anachokijua. Anafuata kile watu wanachotafuta wiki hiyo. Mwaka 2016 vijana wa mji wa Veles, Makedonia, waliendesha tovuti zaidi ya 100 za uchaguzi wa Marekani kwa mtindo huo. Wengi wao siasa hazikuwahusu. Walitaka hela ya matangazo.

Neno "necta" kuwemo kwenye anwani halitoshi, yeyote anaweza kulitia. Tazama inavyoishia: ya serikali yetu ni .go.tz. Mwambie binti aandike necta.go.tz kwa mkono wake. Ukurasa wa pale hauna mapambo: unachagua mtihani na mwaka, inakuja orodha ya shule, unabofya shule, namba za watahiniwa zinatoka. Bure. Siku ya kwanza unaweza kuelemewa na watu usifunguke. Subirini saa moja au mbili, msirudi kule.

Na hiyo simu inayolia: bila shaka binti alibonyeza "Ruhusu" pale tovuti ilipoomba kumtumia arifa. Kama mnatumia Chrome, gusa vile vitone vitatu juu, ingia Mipangilio, kisha Arifa, tafuta jina la tovuti hiyo na uizimie ruhusa. Ikiendelea kulia, niandikie tena.