Sensa ya joto la gia boksi: ifunge kwenye sampo

Ndugu yangu uliyeuliza sensa ya joto la oili ya gia boksi ya otomatiki ifungwe wapi: chomelesha nati ya kuifungia kwenye sampo (bakuli la oili lililo chini ya gia boksi), ubavuni, chini ya usawa wa oili na mbali na eksozi. Hapo unasoma joto la oili ile ile inayovutwa na pampu. Tafadhali sampo ishushwe kwanza, na ncha ya sensa isiguse chujio.

Paipu ya kwenda kwenye rejeta nayo yafaa, ila mshale wa geji utaruka sana ukipanda vilima vya huku Pemba na mzigo. Kwenye paipu ya kurudi kutoka rejeta usiifunge sensa kabisa: oili imeshapoa, itakudanganya. Nyuzi 80 hadi 95 ni kawaida. Ikipita 120, simama, weka gia kwenye N (huru), injini iungurume taratibu mpaka ishuke.