Kabla ya kuzidisha, chora mti

Nafundisha twisheni ya hesabu kwa kidato cha nne, na maswali ya uwezekano ndiyo wengi huyaruka. Nawaambia kila mara: usizidishe chochote kabla hujachora mti, yaani mchoro wa matawi unaoonyesha kila tokeo linalowezekana. Mfano ninaoupenda si wa sarafu, ni wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Chukua wazazi wawili wenye AS, yaani kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha kawaida (A) na kimoja cha ugonjwa (S), ila mwenyewe haumwi. Laza daftari, maana ukichora kwa wima ncha zitabanana. Weka nukta kushoto, toa matawi mawili ya baba, A na S, kila moja liandikwe 1/2. Kwenye kila ncha toa mawili ya mama. Zinapatikana ncha nne: AA, AS, SA, SS. Mbili za katikati ni hali ileile, hivyo uwezekano wa mtoto kuwa AA ni 1/4, AS ni 1/2, na SS, yaani mgonjwa, ni 1/4.

Hapo ndipo mtaani utasikia: "Mmoja kati ya wanne. Huyu wa kwanza anaumwa, basi watatu wanaofuata wako salama." Hata waliosoma husema hivyo. Chora mti wa watoto watatu, kila mtoto na matawi mawili: mgonjwa 1/4, mzima 3/4. Hali ya wa kwanza haimgusi wa pili, kwa hiyo unaandika 1/4 na 3/4 zilezile kila hatua. Fuata njia ya wazima watupu: 3/4 × 3/4 × 3/4 = 27/64. Uwezekano wa kupata angalau mgonjwa mmoja basi ni 37/64, zaidi ya nusu. Ukiona neno "angalau", tafuta njia ya "hakuna" uitoe kwenye 1. Usihangaike kujumlisha ncha saba.

Ncha zote ni nane, lakini ole wako uipe kila moja 1/8. Ya wagonjwa watatu ni 1/64 tu. Je, mgonjwa mmoja kamili? Wengi huzidisha 1/4 × 3/4 × 3/4, huandika 9/64 na kuweka kalamu chini. Mti unaonyesha ncha tatu za namna hiyo, kwani mgonjwa anaweza kuwa wa kwanza, wa kati au wa mwisho. Jumla 27/64, sawa kabisa na kutopata mgonjwa.

Kuchomoa bila kurudisha ni habari nyingine. Mfuko una gololi nyekundu 5 na za bluu 3: nyekundu ya kwanza 5/8, ya pili baada yake 4/7. Kama namba ya chini haikupungua, umeshakosea. Na kila panapochipuka matawi, sehemu zake lazima zijumlike kuwa 1.

Kete ikirushwa mara tano ina ncha 7,776, daftari gani litatosha? Chora matawi mawili tu kila hatua, "sita" 1/6 na "si sita" 5/6, zinabaki ncha 32. Wakiuliza angalau sita moja, chora njia moja tu ya "si sita" mara tano, kisha itoe kwenye 1.