Farasi wawili, Fuso moja, Tanga mpaka Usa River

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nipo Tanga, huku Raskazone, tuna farasi wawili, dume wa miaka 9 na jike wa miaka 22. Desemba watoto wakifunga shule tunataka kwenda nao Usa River kwa marafiki zetu waliohama huku, tukae wiki mbili tupande pamoja kama zamani, maana kila wakituita tunaenda mbio mbio, waja leo warudi leo. Tumepata Fuso ya kubebea ng'ombe, dereva anasema tunatoka saa mbili asubuhi hasimami popote mpaka tufike. Mume wangu anataka wafungwe vichwa juu na kwa kamba fupi wasigombane. Tuwalishe nini njiani? Na huyu jike ataweza kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na huyo dereva kwa sababu ndo amenitisha kuliko vyote. Tanga mpaka Usa River ni kilomita 400 na kitu, na farasi kwenye gari hapumziki hata dakika, kila breki na kila tuta la barabarani anajishika kwa miguu yote minne, yaani nyie mmekaa mnakula korosho yeye anafanya kazi. Sasa umtoe saa mbili asubuhi na kaskazi hii, jua la saa saba limkute kule Same kwenye uwanda mkavu, ndani ya bodi la bati, bila maji! Hapana. Tokeni saa tisa usiku, Segera mnaipita giza, jua linachomoza mko Mombo. Simameni hapo nusu saa nzima gari likae kivulini, wapeni maji. Same simameni tena. Mkifanya hivyo mchana mkali unawakuta mshakaribia Moshi na huko kidogo kuna unafuu.

Maji bebeni ya nyumbani, madumu ya lita 20 hata sita, farasi mmoja anakunywa lita 25 mpaka 45 kwa siku na kwenye joto zaidi, na wengi wao wakisikia harufu ya maji ya ugenini wanagoma. Akigoma kunywa huku anakula vikavu, utumbo unaziba, na farasi hawezi kutapika kama mbwa, tumbo likisokota hana pa kutolea. Kwa hiyo pumba na mahindi punguza toka jana yake, njiani nyasi kavu tu, tena zinyunyizie maji vumbi lisipande.

Hiyo kamba ya mume wako sasa, mwambie kwa heshima zote nimeikataa. Farasi anasafisha mapafu yake kwa kuinamisha kichwa, ukimfunga kichwa juu kwa muda wa masaa nane, zile kamasi na vumbi zinarudi chini kwenye mapafu na wadudu wanazaliana humo. Mimi mwenyewe nilishawahi kumsafirisha farasi wangu hivyo nikiwa kijana, alifika mzima kabisa, siku ya pili homa, siku ya nne sikuwa na farasi. Mpaka leo inaniuma. Wasigombane weka mbao za kuwatenganisha, kamba iwe na urefu wa kutosha ashushe kichwa, na kila mkisimama mfungueni ainame kabisa. Bodi lioshwe kwa dawa kwanza maana limebeba ng'ombe wa watu, chini mwageni mchanga na maranda wasiteleze, juu turubai la kivuli lakini pembeni upepo upite.

Kibali cha kusafirisha mifugo kashughulikie mapema kwa afisa mifugo wenu. Alafu chanjo ya ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na usubi, kama hawana waanze sasa hivi sio wiki ya safari, kinga inachukua wiki kadhaa kujijenga na ugonjwa wenyewe ukipiga mapafu karibu hauachi mtu. Usubi unauma jioni mpaka alfajiri, kwa hiyo mkifika wenyeji wenu wawalaze ndani.

Jike muache nyumbani. Najua watoto watalia, ila miaka 22 kwa farasi ni bibi, na joto hili simuamini nalo. Tena usimuache peke yake, farasi akibaki pweke anazunguka anahangaika mpaka anaacha kula, tafuta punda mpole wa jirani mmweke nae banda moja siku kadhaa kabla hamjaondoka wazoeane. Mtu anaemjua abaki nae, sio shamba boy mpya wa juzi.

Huyo dume akifika msimpande siku mbili, hata kama marafiki wameshaweka matandiko. Akae mbali kidogo na farasi wa wenyeji, ndoo yake mwenyewe, na kila asubuhi na jioni mpime joto, kwa siku nne hivi. Kawaida ni 37.5 mpaka 38.5. Ikipita hapo au akianza kukohoa na kuacha nyasi, muite daktari wa mifugo wa huko siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.