Maswali Yenu: Muziki wa klasiki ni wa Wazungu tu?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nipo Mwanza, napiga vayolini kanisani na saivi nimeanza kutunga vitu vyangu kwa nota. Mjomba ananiambia niache, eti klasiki ni ya Wazungu na haina kazi huku kwetu. Kuna mtu wa Afrika Mashariki aliyefika mbali kwa njia hii?

JIBU: Yupo, tena jirani yako hapo ng'ambo ya ziwa! Anaitwa Justinian Tamusuza, Mganda, kazaliwa 1951, kakua na ngoma na nyimbo za Kiganda, halafu akaenda kusoma Belfast, Ireland ya Kaskazini, kwa mtunzi Kevin Volans wa Afrika Kusini, baadae akachukua udaktari wa utunzi Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani, na Makerere amefundisha.

Kazi iliyomtoa ni Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba, ya vayolini mbili, viola (vayolini kubwa kidogo) na cello (kubwa zaidi, ya sauti nzito). Kronos Quartet, kundi la wapiga nyuzi wanne wa San Francisco, wakairekodi kwenye albamu ya Pieces of Africa, 1992, wamo pia kina Hamza El Din, Mnubi wa Misri, na Obo Addy wa Ghana, na albamu ikashika namba moja upande wa klasiki kwenye chati za Billboard, jarida la muziki la Marekani.

Sasa sikia alichofanya, mi ndo kinanigusa zaidi. Amadinda, ile marimba ya Waganda, ina vibao 12 na wapigaji watatu: wa kwanza anapiga zake, wa pili anachomeka zake katikati, wa tatu anaokota sauti na kuzirudia kwenye vibao viwili vya mwisho, kwa hiyo unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anaeupiga peke yake. Fikra hiyo ndo kaipeleka kwenye nyuzi, pamoja na skeli ya sauti tano, na hakuiga Vienna, ule mji wa klasiki wa Ulaya, hata kidogo.

Kuhusu kazi, mjomba ana hoja, mheshimu, watunzi wanaoishi kwa kutunga tu ni wachache hata Ulaya, wengi wanafundisha. Kwa hiyo soma ualimu wa muziki huku unaandika. Na upo Usukumani bwana, ngoma za Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya wachezaji wa Kisukuma, ziko mlangoni kwako, nenda kakae na wapigaji, uliza nani anaanza na nani anaingia wapi, kisha jaribu kuwaandikia wenzako wa kanisani, hata kama mko wawili tu.