Filamu za mtu anayerukwa na akili: tunamfungulia shetani mlango?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristu, Padri. Mimi ni mwanafunzi hapa Kadutu, Bukavu. Usiku tunaangalia na wenzangu filamu za kutisha zisizo na jini wala zimwi. Ni mtu tu anayepoteza akili polepole, nawe unaona anachokiona yeye. Mama anasema tunamfungulia shetani mlango. Je, ni dhambi?

JIBU: Milele amina, mwanangu. Kuogopa hadithi si dhambi. Ingekuwa hivyo, ningekukataza kitabu cha Samweli wa Kwanza katika Biblia. Mfalme Sauli anasikia wanawake wakiimba kwamba yeye ameua maelfu na Daudi makumi elfu, na tangu siku ile anamtazama Daudi kwa jicho baya. Kinubi kilichokuwa kikimtuliza katika sura ya 16, katika sura ya 18 bado kinapigwa, naye anaurusha mkuki kumlenga mpigaji, Daudi mwenyewe. Kisha usiku wa Endori, anakwenda kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi, anayeita wafu. Kisha vitani, mlimani Gilboa, anauangukia upanga wake. Sijaona filamu inayonitisha hivyo (ndiyo, mimi pia huangalia).

Mimi nawaulizeni jambo jingine: filamu ikiisha, mnasema nini juu ya yule mgonjwa? Nyingi za aina hii zinampa njia mbili, aue au afe. Mfalme Nebukadneza wa Babeli, katika Danieli 4, alikula majani kama ng'ombe, lakini anasimulia mwenyewe: "fahamu zangu zikanirudia." Akarudi kwenye kiti chake. Hapa mjini kwetu wagonjwa wa akili wanatibiwa katika kituo cha SOSAME, kwa watawa Mafrere wa Upendo, na wako wanaorudi nyumbani wazima. Tabu inawangoja mtaani: jina la kichaa halitoki. Hata Yesu, Marko 3:21, ndugu zake walikuja kumkamata wakisema amerukwa na akili. Ukimcheka mtu pale sokoni kwa sababu ya filamu ya jana, hapo njoo kwenye kitubio.

Na mama usimpuuze. Kama kuna anayekosa usingizi siku kadhaa, au anayesikia sauti hata simu ikiwa imezimwa, aache filamu hizo, na apelekwe kwa daktari. Nitamwombea, lakini asiishie kwangu wala kwenye chumba cha maombi. Wadogo zako wakilala chumba hicho hicho, nendeni kuangalia kwingine.