Mnazi wenye karara lisilo na matawi: usiukate

Kaka wa Mikindani, umeuliza kama uukate mnazi unaotoa upunga (maua yake) kwenye fimbo moja nene isiyo na matawi. Tafadhali usiukate! Hauumwi, ni badiliko la kurithi, wataalamu huliita spikata. Maua ya kike ni mengi mno, ya kiume machache, hivyo hutegemea sana chavua ya minazi jirani, na vidaka (nazi changa) vingi hupukutika. Kwa wazalishaji wa mbegu mnazi huo ni mama wa thamani, kwani maua ya kiume ya kuondoa kabla ya kuuchavusha kwa chavua ya mnazi mwingine ni machache. Ukiotesha nazi zake, otesha nyingi: si kila mche utafuata mama. Karara likipasuka, lipige picha uipeleke TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kituo cha Naliendele, wakuunganishe na wenzao wa kituo cha Mikocheni, Dar es Salaam, wanaoshughulika na minazi.