Barua kwa mwanangu: yule kijana wa insulini umpe nini

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Huku Tanga wote wazima, wajomba zako wanakusalimu, na mdogo wako bado anadai atakuja Dodoma mwezi ujao, nauli akitegemea itoke kwako.

Sasa suala lako. Umeniambia kwamba usiku wa Jumamosi umeme ulikatika mtaa mzima, jenereta ya famasi ikagoma, na yule kijana wako wa kaunta, ambaye hakuwa zamu na wiki hiyo alishamaliza saa zake, akatoka kwake saa saba usiku kwa bodaboda. Akafungua, akatoa insulini yote kwenye friji, akaipanga kwenye kisanduku cha baridi chenye barafu, akakaa nayo mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mumeo anasema umpige picha umtundike ukutani, mfanyakazi bora wa mwezi. Ami yako, kwa kuwa ni mbia, anasema usimsifu sana, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe unataka kumpa laki moja, ila unaogopa wenzake saba watanuna. Umeniuliza mimi kwa sababu nimezeeka kwenye dirisha la mishahara la kiwanda. Basi nitakujibu kimishahara kwanza.

Kabla ya zawadi kuna deni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zinazozidi ni ovataimu, na ovataimu hulipwa mara moja na nusu. Halafu kazi ya usiku, yaani baada ya saa mbili usiku na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5, na mtu akiwa kwenye ovataimu hiyo asilimia 5 inapigwa juu ya kiwango cha ovataimu. Chukua kalamu. Mshahara ulionitajia ni 390,000. Gawanya kwa 4.333 upate wiki, gawanya tena kwa 45 upate saa: shilingi 2,000 hivi. Mara moja na nusu ni 3,000. Ongeza asilimia 5, ni 3,150. Amekaa saa tano, kwa hiyo anakudai 15,750. Weka juu yake nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na barafu kama aliongeza nyingine kwa pesa zake. Muulize, maana vijana wa namna hiyo hawasemi.

Umeona ilivyo ndogo? Ndiyo maana waajiri wengi huiruka, wanakwenda moja kwa moja kwenye zawadi, kwa sababu zawadi inapendeza kutoa na deni halipendezi kulipa. Lakini ukimpa laki moja bila kumlipa hiyo 15,750, umelipa deni ukaliita hisani, na yeye anajua. Ami yako atasema hakuna aliyemtuma. Mwambie insulini ile mliiuza Jumatatu.

Na ukiamua kumpa fedha juu ya hiyo, zipitishe kwenye mishahara kama bonasi. Bonasi inaingia kwenye kodi ya mapato sawa na mshahara, kwa hiyo laki moja uliyoitangaza haitafika mkononi ikiwa laki moja. Nimeona watu wakipigiwa makofi kwa kiasi fulani, wanafika dirishani wanakuta kimemegwa, furaha yote inageuka kuwa ugomvi na mimi niliyekaa nyuma ya kioo. Mwambie mapema atapata kiasi gani mkononi, au wewe ongeza ili kibaki kile ulichokusudia.

Sasa huyo mgema wa ami yako. Sisi hatunywi, lakini tumezaliwa kwenye minazi, tunawajua wagema. Mgema hakutia maji kwa sababu alisifiwa. Alitia maji kwa sababu wateja waliomsifu hawakuonja tena. Walizoea kusema tu "tembo la fulani ndilo tembo," wakilewa ama wasilewe. Sifa ya jumla ndiyo inayoharibu, ile ya "hongera kwa kujituma, endelea hivyo hivyo." Haimwambii mtu umeona nini. Na asiyeambiwa kilichoonekana hujua kwamba hata akitia maji hakitaonekana.

Kiwandani kwetu kulikuwa na fundi wa boila. Boila ilipasua bomba asubuhi ya Idi, akaitwa akitoka kuswali, akaja na kanzu yake, akavua akavaa ovaroli, akatoka jioni. Baada ya mwezi na kitu akaletewa barua ya pongezi. Jina lake limekosewa herufi mbili, na idara imeandikwa usafirishaji. Alikuja nayo dirishani kwangu akaniuliza, "Mama, hii ni ya nani?" Hakuwa na hasira. Alidhani kweli imepotea njia, anataka kuipeleka kwa mwenyewe. Barua ile ilikuwa na muhuri na saini ya meneja, na haikuwa na neno moja kuhusu boila.

Kwa hiyo wewe ukimwita kijana wako, mwambie ulichokiona. Katika ujumbe wako umeandika mambo mawili kwa kupitia tu, nami nadhani ndiyo yenye uzito kuliko hiyo safari ya usiku. La kwanza, alizifunga chupa kwa kitambaa zisigusane na barafu. Mtu mwenye haraka angezitumbukiza, na insulini ikiganda imeharibika, haina tofauti na iliyopigwa na joto. La pili, aliandika kipimajoto kinasoma ngapi kila baada ya nusu saa, kwenye karatasi ya risiti, kuonyesha haikutoka kati ya nyuzi 2 na 8. Bila karatasi ile mfamasia wako Jumatatu angefanya nini? Angekisia. Ama angetupa dawa nzima, ama angemuuzia mama wa watu dawa asiyoijua imelalaje. Kuja usiku ni moyo, na watu wenye moyo wako wengi. Kitambaa na karatasi ya risiti ni akili ya kazi. Hivyo ndivyo umwambie, kwa majina yake, na ukitaka kumwandikia barua, iandike hivyo hivyo, isomeke hata akiipeleka kwa mwajiri mwingine. Karatasi yenyewe usiitupe. Ibandike kwenye daftari la friji.

Na usingoje. Wewe umekulia kwenye taarabu, unajua mwimbaji anavyotunzwa. Enzi za Black Star na Lucky Star hapa mjini, mwanamke akiguswa na beti anainuka pale pale, noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji mbele ya watu, na ukumbi mzima unajua ni beti gani limemgusa. Hangoji onyesho liishe, wala hangoji mwisho wa mwaka. Sisi kazini tunakusanya mabeti yote ya mwaka mzima, tunasubiri Mei Mosi, tunamtunza mtu ambaye wengine hata hawakumbuki aliimba nini.

Sisemi Mei Mosi ni mbaya. Kusimama mbele ya mgeni rasmi ukaitwa mfanyakazi hodari, wanao wakakuona, ni jambo, na cheti kile watu wanakitundika sebuleni hadi kinageuka rangi. Ila mnajua wenyewe inavyokwenda. Miaka miwili mitatu ya mwanzo wanachaguliwa waliostahili, halafu idara fulani inalalamika haijawahi kupata, basi mwaka huu ni zamu yao, mwakani zamu ya wengine. Kuna mwaka kwetu watu walikuwa wanamtania mshindi kabla hajatajwa: "Jiandae, mwaka huu uhodari umefika idara yenu." Ndiyo sababu picha ya mumeo siitaki. Mna watu wanane. Ikifika mwezi wa tisa ama kila mmoja ameshatundikwa, na picha haina maana, ama kuna mmoja ambaye hajawahi kutundikwa na kila asubuhi anafungua duka akiutazama ukuta huo.

Hao saba sasa. Wananuna kwa nini? Mtu hanuni kwa sababu mwenzake amepata. Hununa akiona mwenzake amepata kwa kupendwa, au akiona alichofanya yeye mwaka jana kilipita kimya. Mhandisi mmoja wa kwetu aliyesomea Urusi alikuwa akitusimulia habari za Stakhanov, mchimba makaa wa Donbas, enzi za Umoja wa Kisovieti. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Agosti 1935 alichimba tani 102 kwa zamu moja isiyofika saa sita, wakati kiwango kilikuwa tani 7. Serikali ikamfanya shujaa wa nchi nzima, wafanyakazi wote wakaambiwa wawe kama yeye. Kisichotangazwa sana ni kwamba kule chini hakuwa peke yake. Yeye alikuwa anachimba tu, na watu wawili nyuma yake walikuwa wanasimika nguzo za mbao ili mwamba usiwaangukie, kazi ambayo siku za kawaida mchimbaji huifanya mwenyewe. Sifa ikaenda kwa mmoja. Kisha viwango vya kazi vikapandishwa kwa wote, kwa kuwa imeonekana inawezekana. Unashangaa nini basi, kusikia kwamba waliofuata nyayo zake huko viwandani wengine walipigwa na wenzao?

Sasa nikuulize mimi. Huyo kijana wako saa saba usiku alijuaje kwamba umeme wa famasi umekatika na jenereta imegoma, naye amelala kwake? Umeandika neno moja tu, "mlinzi akampigia." Huyo mlinzi ndiye mwenye nguzo. Angeweza kujifunika koti akangoja pakuche, friji halimhusu. Najua utasema ni wa kampuni ya ulinzi, hayupo kwenye orodha yako ya mishahara. Ndiyo, na kwa sababu hiyo hakuna mwingine atakayemshukuru. Nenda mwenyewe jioni anapoingia, mwambie ile simu iliokoa nini, umpe kitu mkononi, na uwaandikie kampuni yake mistari mitatu. Kwao mara nyingi barua zinazokuja kuhusu mlinzi ni za malalamiko. Na mkikutana asubuhi na wafanyakazi wote, simulia usiku ule kama ulivyokuwa, mlinzi akiwemo, na yule dada aliyeacha barafu kwenye jokofu Ijumaa kama alivyoagizwa. Ukisimulia hivyo hutahitaji kumtukuza mtu, na hao wengine watajisikia wamo.

Kuhusu kumpa nini, mbona hujamuuliza? Umeniambia anasoma kozi ya famasi jioni na anachelewa vipindi kwa sababu zamu yake inaisha wakati darasa limeshaanza. Mimi naona hapo kuna zawadi kubwa kuliko laki moja, nayo ni kubadilisha zamu muhula huu, au kumlipia sehemu ya ada. Lakini muulize faragha, wala usimpe jibu mdomoni. Inawezekana ana mgonjwa nyumbani na anachotaka ni pesa taslimu, tena leo. Pesa si aibu. Wako mabosi wanaoamini kumpa mtu cheti ni heshima na kumpa pesa ni kumdharau, nami sijawahi kumwona hata mmoja wao akikataa yake.

Jambo moja nalitilia mkazo kwa sababu nimeliona likiwamaliza watu wazuri. Kuanzia sasa umeme ukikatika, utampigia nani? Yeye. Na jenereta ikihitaji fundi, na mteja akigomba, na stoo ikihesabiwa Jumapili, yeye, maana "ndiye anayejituma." Hapo shukrani ya punda ni mateke. Yule fundi wetu wa boila aliitwa Idi tatu mfululizo, ya nne akazima simu, wakasema amebadilika tabia. Ukitaka awe mtu wa kuitwa usiku, mfanye hivyo rasmi: mpe cheo cha msimamizi wa zamu na mshahara wake, na weka zamu ya simu ambayo kila mmoja ana wiki yake na inalipiwa. La sivyo muache alale.

Na jenereta itengenezwe wiki hii, iwe ya kujiwasha yenyewe kama uwezo upo. Nunua kipimajoto kinachohifadhi kumbukumbu. Bandika karibu na friji karatasi yenye hatua alizofuata yeye, kitambaa na kila kitu, na juu yake andika ni utaratibu wa nani. Hapo ruhusa unayo ya kuandika jina lake ukutani.

Ami yako nitampigia mimi kesho baada ya Alasiri, tutaongea mambo ya shamba kwanza, kisha nitamfikisha kwenye hiyo 15,750. Wewe ilipe sasa hivi, usingoje tarehe ya mishahara.

Nisalimie wajukuu, na mumeo mwambie sijakasirikia picha yake.

Mama yako,
Tanga